Wimbo mmoja kuzaa muziki mzima: jibu kwa kijiwe cha Makambako

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kinyozi, nina saluni karibu na stendi ya Makambako. Hapa kijiweni tumebishana wiki nzima. Mimi nasema hip hop ilianza na "Rapper's Delight" mwaka 1979, maana ndiyo rekodi ya kwanza. Mwenzangu wa bodaboda anasema muziki hauanzi na rekodi, unaanza na watu, na anataja sherehe ya DJ Kool Herc ya mwaka 1973. Tumewekeana kreti ya soda. Mzee mmoja akaja kuchochea kuni: eti Bongo Fleva imeanzia Mbeya kwa Sugu. Je, kweli wimbo mmoja unaweza kuanzisha aina nzima ya muziki? Na la pembeni: nimerekodi wimbo nikachanganya ngoma ya kwetu ya Kibena na biti ya singeli. Sijasikia mwingine aliyefanya hivyo. Naweza kujiita mwanzilishi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nianze na soda, maana najua ndiyo inayowakosesha usingizi. Kama mlibishania hip hop, mwenzako kakushinda. Kama mlibishania rekodi ya kwanza, hata hapo umepotea kidogo, nitakueleza. Lakini msifungue chupa bado. Kuna mahali hoja yako inasimama vizuri kuliko wewe mwenyewe ulivyoisimamisha, na mahali penyewe si Bronx, ule mtaa wa New York ilikozaliwa hip hop.

Mimi narekodi watu hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, tangu enzi za kaseti: kwaya, bendi za harusi, na sasa vijana wanaochana, yaani wanaorap. Kabla ya hapo nilikuwa fundi redio. Kwa hiyo nikisikia "rekodi iliyoanzisha" kitu fulani, swali la kwanza linalonijia si nani alitangulia. Najiuliza: ndani ya rekodi hiyo kulikuwa na nini ambacho mtu mwingine, siku ya pili yake, angeweza kukiiga?

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Tukuyu, alikwenda Wenela. Vijana wa leo hawalijui neno hilo. Lilikuwa shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na wanaume wengi wa huku kwetu walipitia humo, kama wengine walivyokwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Babu alirudi na sanduku la bati, koti zito, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye santuri nne. Tatu tulizivunja sisi wajukuu. Iliyobaki ilikuwa ya Wazulu wanaoimba bila ala yoyote: besi zinatembea chini kama watu wanaobeba gogo, halafu sauti moja nyembamba ya mwanamume inapanda juu yao hadi unajiuliza anapumua saa ngapi. Babu hakujua Kizulu cha maana, lakini besi aliishika yote. Jioni akishamaliza chai, anaweka sindano, anaingia na wenzake wa kwenye santuri.

Mtindo ule unaitwa mbube, na umepewa jina la santuri. Mwaka 1939 Solomon Linda, mtu wa Msinga huko Natal, aliingia na kundi lake la Evening Birds kwenye studio ya Gallo, Johannesburg, wakaimba wimbo uitwao "Mbube", yaani simba. Maneno yake ni machache mno, yangetosha nyuma ya tiketi ya basi. Walirudia kurekodi, na mara ya tatu, kuelekea mwisho, Linda akaachia juu ya besi tuni ambayo hawakuwa wameifanyia mazoezi. Ikaingia kwenye santuri hivyo hivyo. Tuni hiyo iliyomtoka papo hapo ndiyo dunia nzima inayoijua leo kwa "The Lion Sleeps Tonight" ya The Tokens ya mwaka 1961. Lakini huko kwao ilikuwa imeshafanya kazi nyingine zamani. Katika miaka kumi hivi ziliuzwa santuri karibu 100,000, na kwaya za vibarua kwenye mabweni ya miji ya viwanda na migodi zikaanza kuimba kwa namna ile: besi nyingi chini, mmoja juu. Ukiwauliza wanaimba nini, wanasema mbube. Baadaye ikaja namna ya taratibu zaidi, waimbaji wakitembea kwa kunyata, ikaitwa isicathamiya, na huko ndiko lilikotokea kundi la Ladysmith Black Mambazo.

Sasa angalia. Je, Linda ndiye wa kwanza kuimba hivyo? Hapana. Vibarua walikuwa na kwaya zao, na mashindano yao ya mwisho wa wiki, kabla hajagusa mlango wa studio. Kilichobadilika ni kwamba wimbo wa kwenye mashindano unausikia mara moja, ukifika nyumbani umebaki na nusu. Wa kwenye santuri unarudisha sindano. Unaurudisha mara hamsini mpaka ujue besi wa pili anaingia wapi. Kibarua wa Durban na kibarua wa Johannesburg, ambao hawajaonana maisha yao yote, wanajifunza kitu kilekile, hadi pumzi. Watu wakiiga kitu kimoja kwa pamoja bila kukutana, hapo ndipo kunakuwa na aina ya muziki. Santuri haikuuzaa ule uimbaji, iliwapa watu wote nakala moja ya kuigia.

(Linda mwenyewe alilipwa shilingi kumi, akaachia haki zake. Alikuwa mfanyakazi kwenye kiwanda cha santuri cha Gallo hicho hicho, akafa mwaka 1962 bila mali. Familia yake ilikuja kupata suluhu ya kesi mwaka 2006. Kumbuka hili tukifika kwenye wimbo wako.)

Na mara nyingi kinachoigwa ni ajali, si ule ubingwa ambao mwimbaji anajivunia. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kifundi. Mwezi Machi 1951 vijana wa bendi ya Ike Turner walitoka Clarksdale, Mississippi, kwenda Memphis kurekodi kwa Sam Phillips. Njiani amplifaya ya gita ikaharibika. Wengine husema ilianguka kutoka juu ya gari, wengine husema iliingia maji, ila wote wanakubaliana kwamba koni ya spika ilipasuka. Phillips hakutafuta nyingine. Alisokomeza karatasi kushikilia koni, wakarekodi.

Hili jambo nalijua kwa mikono. Nimepokea spika za kwaya zilizopasuka kutoka Vwawa hadi Chimala, na kila mara mwenyewe ameshaanza kuzitibu kwa karatasi ya daftari na gundi. Karatasi haikai kimya. Gita likipigwa, koni inasukuma, karatasi inatetema kwa kuchelewa kidogo, na sauti inatoka na mkoromo, kama mtu mwenye mafua anayeimba kwa nguvu. Kwaya wanaichukia. Phillips aliipenda. Gita la Willie Kizart kwenye wimbo ule, "Rocket 88", linakoroma kama saksafoni, na mpaka leo mpiga gita la umeme analipa pesa nzuri anunue kiboksi cha kumtolea mkoromo ambao wale waliupata bure kwa ajali ya njiani.

Kwa hiyo wapo wengi wanaosema "Rocket 88" ndiyo rekodi ya kwanza ya rock and roll. Wengine wanataja "The Fat Man" ya Fats Domino, iliyorekodiwa New Orleans Desemba 1949. Wengine, hasa wazee waliomuona kwenye sinema, wanamtaja Elvis na "That's All Right" ya Julai 1954, ambayo ilirekodiwa kwa Sam Phillips huyo huyo. Mimi sioni faida ya kupigania jambo hili. "Rocket 88" yenyewe imefuata nyayo za wimbo wa Jimmy Liggins uitwao "Cadillac Boogie". Hata gari walibadilisha tu. Na jina lililoandikwa kwenye santuri ni la Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeimba, wakati bendi ilikuwa ya Turner, naye Turner hakulifurahia jambo hilo. Ukichimba "ya kwanza" yoyote utakuta chini yake kuna nyingine, na pembeni kuna mtu amenuna.

Jazi? Santuri ya kwanza kutoka ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na wazungu watano wa New Orleans, Original Dixieland Jass Band, na mojawapo ya nyimbo zake, "Livery Stable Blues", klarineti inawika kama jogoo na kornet inalia kama farasi. Kiongozi wao alizeeka akidai kwamba wao ndio waliovumbua jazi. Tuishie hapo.

Nikupe ajali nyingine, hii ya kitufe. Kila kwaya ya huku kwetu, Moravian, Lutheri, hata wa maturubai, ina kile kinanda kidogo chenye midundo iliyowekwa kiwandani. Mpiga kinanda mvivu anabonyeza kitufe, ngoma na besi zinajipiga zenyewe, yeye anaweka kidole kimoja juu. Nimeshagombana na wapiga vinanda wangapi kuhusu kitufe hicho! Basi mwaka 1985, Kingston, Jamaika, Wayne Smith na rafiki yake Noel Davey walikuwa na kinanda cha Casio MT-40. Wakabonyeza mdundo uliowekwa humo kwa ajili ya muziki wa rock, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, naye akaupunguza mwendo. Ikatoka "Under Mi Sleng Teng". Hakuna mpiga ngoma, hakuna mpiga besi. Siku Jammy alipoupiga kwenye pambano la maspika, mwezi Februari mwaka huo, wapinzani wakawa wametangulia kuzeeka. Kuanzia hapo dansi la Jamaika likahamia kwenye mashine, na mdundo ule umeimbiwa na mamia ya watu.

Aliyeutunga mdundo ule ni mwanamke wa Kijapani, Okuda Hiroko, mfanyakazi wa Casio aliyekuwa ametoka chuoni, mpenzi wa rege tangu akiwa mwanafunzi. Sasa niambie, mwanzilishi ni nani hapo? Mama aliyeutunga, vijana waliobonyeza, au mzee aliyeupunguza mwendo? Mimi nasema Jammy, kwa sababu mwendo ule wa chini ndio ulioigwa. Lakini sitakasirika ukibisha.

Turudi kwenye kreti yenu.

Mwenzako ana tarehe nzuri: 11 Agosti 1973, jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. Cindy Campbell alitaka hela ya nguo za kurudia shule, akaandaa sherehe ya kiingilio, kaka yake Herc, mzaliwa wa Jamaika, akapiga muziki. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanasubiri kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akawa na santuri mbili, kipande kikiisha huku anakidaka kule, anakirefusha. Na kipaza sauti mkononi, maneno juu yake. Kuanzia hapo mpaka 1979 ni miaka sita ambayo hip hop ipo, ina mabingwa, ina maugomvi, lakini haina santuri. Ila usidhani haikurekodiwa. Sherehe zilirekodiwa kwenye kaseti, na kaseti zikanakiliwa, zikazunguka kwenye redio za mkononi mtaa kwa mtaa. Kama wewe ni mtu wa kusafiri na mabasi ya zamani ya kwenda Songea, unajua kaseti ilivyokuwa ikieneza wimbo bila kibali cha mtu.

Halafu ikaja "Rapper's Delight". Sylvia Robinson, mwimbaji wa zamani aliyekuwa na kampuni ya santuri New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka huko Bronx, aliwaokota vijana watatu ambao si kundi la mtaani lililozoeana. Mmoja, Big Bank Hank, alikuwa akiuza piza huku akiigiza kaseti za Grandmaster Caz, mchanaji wa Bronx. Alipoitwa studio alichukua mistari ya Caz jinsi ilivyo, hadi sehemu ambayo Caz anataja herufi za jina lake mwenyewe la jukwaani. Hank akaziimba hivyo hivyo, jina la mwenzake, kwenye santuri iliyoizunguka dunia. Caz hakuandikwa wala hakulipwa. Mdundo nao ulikuwa wa bendi ya Chic, "Good Times", uliopigwa upya na wanamuziki waliokaa studio, na wenyewe walidai hadi majina yao yakawekwa. Na hata kuwa ya kwanza haikuwa: wiki chache kabla, bendi ya Fatback ilikwishatoa "King Tim III" yenye kuchana ndani yake.

Kwa hiyo umeshindwa? Si kabisa. Wewe ulisema ni rekodi ya kwanza, hapo umekosea. Ungesema ndiyo rekodi iliyowafundisha watu walio mbali na Bronx kwamba kuchana ni wimbo kamili unaoweza kununua dukani, ungenishinda hata mimi. Toleo refu lina karibu dakika 15 na halina hata mwimbaji mmoja. Kijana wa Lagos au wa Paris hakuwa na njia ya kwenda kwenye sherehe ya Herc. Alikuwa na njia ya kuipata santuri ile.

Sasa hapa kwetu, na hapa ndipo yule mzee wenu anahitaji majibu.

Muziki wetu wa dansi ulikuwa na neno lake: mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park wakaja na Sikinde mwaka 1978, na Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukatia almasi, na Kinyekinye yao. Mtindo haukuanzishwa na santuri. Ulitangazwa. Bendi inasimama jukwaani, inasema kuanzia leo sisi ni Sikinde, na jina lenyewe wamelichukua kwenye ngoma ya Wazaramo. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mkanda ukakaa maktaba, redio ikaupiga ipendavyo. Wewe nyumbani ulikuwa unasubiri. Hukuwa na sindano ya kurudisha. Ndiyo maana nadhani mitindo yetu ilibaki mali ya bendi, kila mtu na wake, na ukiuiga wa mwenzako unaitwa mwizi.

Bongo Fleva ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, mdundo ambao Vanilla Ice naye alikuwa ameubeba kwa Queen na David Bowie. Kaseti ikaenda. Ukitaka kitu kilichoigwa, hicho: kwamba Kiswahili kinakaa kwenye mdundo ule bila kujikwaa. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua redio binafsi, Radio One ikaanza 1994, na jina lenyewe la Bongo Fleva wengi wanalitaja kwa mtangazaji wake, Mike Mhagama. Hapo kati ndipo anapoingia Joseph Mbilinyi, Mr. II, Sugu, na albamu ya "Ni Mimi" mwaka 1995. Yeye si wa kwanza kuchana kwa Kiswahili, na Bongo ni Dar es Salaam, haiwezi kuanzia Mbeya hata kama ningependa. Alichofanya ni kuongea shida za kijana wa mtaani kwa sauti ya kawaida, bila kujifanya Mmarekani, na hicho vijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, walikiiga mpaka nikawa nafunga studio usiku wa manane. Watu wa Mbeya Mjini baadaye walimpeleka bungeni, 2010 mpaka 2020. Mwambie mzee wenu ana robo ya haki, na robo hiyo ni nono.

Wimbo wako nimeusikiliza mara tatu kwenye simu na mara moja kwenye spika kubwa. Uanzilishi tuuache, hilo wataamua watakaokuiga, na hawajaanza. Lakini kuna sekunde kama ishirini, baada ya ubeti wa pili, biti inakatika na wale kina mama wanabaki na makofi yao, hayajanyooshwa na kompyuta, yanachelewa kidogo. Nina hakika prodyuza wako alisahau kuyapanga. Asiyapange. Kipande hicho kirefushe, kirudie mwishoni, na punguza ile filimbi, inakera.

Kisha fanya kazi ya karani. Andika tarehe mliyorekodi. Andika majina ya kina mama wote waliopiga makofi, na mkubaliane mgawo kabla wimbo haujatoka, kwenye karatasi yenye sahihi. Mafaili ya kila sauti peke yake usiyaache kwenye kompyuta ya studio, chukua nakala mbili. Ukajisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Shilingi kumi za Solomon Linda zilitokana na karatasi aliyoisaini, na Caz hakuwa hata na karatasi.

Soda: wewe nunua kreti, mwenzako alipie barafu. Na chupa moja mumpelekee yule mzee.